Fundi wa Meno Anachagua Meli

Kwa miaka thelathini na minne aliwatengenezea watu meno ya bandia, na mtaani hakuna aliyemwita vingine zaidi ya Fundi Meno. Daktari hakuwa. Daktari ni yule anayeng'oa. Yeye ndiye aliyekuwa akijaza pengo. Alianza kwa kufagia sakafu ya kliniki, akapanda cheo hadi kuosha vyombo, akajifunza kukoroga plasta kwa kuchungulia mlangoni, na siku fundi wa zamani alipougua akakalia kiti chake na hakuinuka tena. Mwishowe alipata chumba chake mwenyewe juu ya duka la rangi, madaktari wakawa wanamfuata yeye. Kwa bei alikuwa mgumu kama plasta iliyokauka. Lakini walilipa, kwa sababu kazi yake ilikuwa hairudi.

Mwaka ule ikarudi.

Ilikuwa jino moja tu, la mbele, upande wa kushoto. Daktari aliyekuwa akimpa kazi nyingi kuliko wenzake alipanda ngazi mwenyewe, akaifungua seti ya meno na kuiweka juu ya gazeti.

"Fundi, hili jino limelala."

"Limelala vipi? Labda kinywa cha mgonjwa wako ndicho kilichopinda."

"Kinywa hakina kosa. Litazame basi."

Akalitazama. Kweli lilikuwa limeinama kama mtu aliyesinzia kwenye benchi. Akailaumu nta ya kupangia meno, akalilaumu joto, akalirekebisha bila malipo, na daktari akashuka bila kuongeza neno. Ukimya huo ndio uliomuuma. Kwa maana Fundi Meno alijua nta haikuwa na hatia. Tangu miezi mitatu nyuma mkono wake wa kulia ulikuwa na mambo yake. Ukibeba ndoo, umetulia. Ukishika kibano na kitu chepesi kama punje ya mchele, ncha ya kibano inaanza kucheza.

Hospitali walimpa vidonge na tarehe ya kurudi. Swali lake walimrudishia mwenyewe: je, kazi bado anaiweza? "Wewe ndiye utakayejua, mzee," wakamwambia, wakaita mgonjwa mwingine.

Atajuaje? Kujipima kwa meno hakukufaa. Mkono uliorudia kazi moja miaka yote hiyo unaifahamu njia hata gizani, na unajua kuficha. Tena mtihani wenyewe ungefanyikia kinywani mwa mtu. Alihitaji kazi ndogo, ya vidole, ambayo mkono haujawahi kuiona. Ndipo akakumbuka rafu ya chumba cha kusubiria kwenye kliniki ya daktari aliyerudisha jino. Palikuwa na meli ya mbao, urefu wa mkono mmoja, aliyoiunda yule daktari mwenyewe kwa kujiburudisha. Daktari aliwahi kumweleza kwamba huuzwa kwenye boksi, vipande vimeshakatwa, kazi ya mnunuzi ni kuunganisha, kupiga msasa na kugundisha. "Ya kwanza niliiharibu vibaya," daktari alisema, akicheka.

Fundi Meno akajiwekea sharti. Atanunua meli moja. Ikisimama, ataendelea na meno. Ikimshinda, atafunga chumba. Hakumwambia mtu, hata mkewe, ambaye kwa miaka ishirini ndiye aliyekuwa aking'arisha kila seti kabla haijatoka.

Duka lenyewe lilikuwa nyuma ya jengo la ofisi, ukipita wapiga chapa. Mwenye duka alikuwa mama mmoja aliyechomeka penseli kwenye nywele, mwalimu mstaafu wa uchoraji wa majengo. Alimtazama Fundi Meno kama anayetazama mstari uliochorwa bila rula.

"Ya zawadi?"

"Ya kwangu."

"Umeshawahi kuunda hata moja?"

"Mikono hii imeunda vitu vidogo kuliko hivyo."

"Sikuuliza hivyo, mzee wangu."

Akashusha boksi moja dogo, jepesi. "Hii ni mashua. Chini tambarare, mlingoti mmoja, vipande ishirini na tisa. Anayeanza asitazame picha ya juu ya boksi, picha haiundi kitu. Atazame kama milingoti ni michache, kama tumbo la chombo halina mikunjo mingi, kama ubavu una tabaka moja tu la fito, na kama kijitabu kina mchoro wa kila hatua. Hii ina vyote. Wanafunzi wangu walikuwa wanaimaliza."

"Wanafunzi," alisema Fundi Meno, na boksi akalisukuma kwa kidole. Macho yake yalikuwa yameshapanda rafu ya juu. "Na ile?"

"Ile ni ya vita. Milingoti mitatu, mizinga arobaini, na kamba za kuanikia nguo za kambi nzima. Nimeuza tano. Aliyeimaliza ni mmoja, na huyo alikuwa kavunjika miguu yote miwili."

"Ishushe."

"Mzee, hiyo itakutesa."

"Mama, wewe unauza au unazuia?"

Akaishusha. Basi hapo Fundi Meno akawa nyumbani. Akapuliza vumbi la kifuniko ili lionekane. Akaonyesha pembe iliyobonyea. Akauliza boksi limekaa juu kule miaka mingapi, akauliza rafu inalipiwa pango au ni ya bure, akageuka kuondoka mara mbili, na mara ya pili akafika hadi kwa wapiga chapa. Mwalimu akapunguza, akapunguza tena, kisha akasema, "Chukua uende, umenichosha." Akatoka na meli ya vita kwa bei iliyoikaribia ya ile mashua, kifua mbele.

Mkewe alimfungulia mlango, akalitazama boksi. "Umenunua jeneza la paka?"

"Meli."

"Kwani tunahama?"

Wiki tatu alihangaika nayo, kila asubuhi kabla ya kazi, pale pale kwenye meza ya meno. Kwanza kuna mkuku, ule uti wa chini unaobeba chombo chote. Juu yake husimamishwa mataruma, yaani mbavu, na zake zilikuwa kumi na nane. Ubavu wa nne ulikaa mshazari; wa tano ukaufuata; kuanzia hapo kila kilichokuja kiliinama kwa heshima ya kilichotangulia. Fito za ubavuni zilitakiwa kulowekwa, zikunjwe polepole, zibanwe kwa vibanio vya nguo. Nusu ziliharibika. Kisu kiliteleza, gundi ikamwagika kwenye mizinga.

Ajabu ni kwamba hakununa. Alipiga mluzi. Daktari alipopita kuleta kazi na kuona lile fungu la kuni, walicheka pamoja, na Fundi Meno akapokea oda mbili mpya za meno bila kusita.

Mkewe alikuwa kwenye mashine ya kung'arishia. Akaizima. "Hebu nikuulize, baba watoto. Unafurahia nini kitu kinachokushinda?"

"Kinamshinda kila mtu."

Mkewe alimtazama mkono, akamtazama usoni, akawasha mashine tena. Siku hizo alikuwa akikaa na kila seti muda mrefu kuliko zamani, akiigeuza kwenye mwanga wa dirisha, bila kusema anatafuta nini.

Fito zilipokwisha, Fundi Meno akarudi dukani, mabaki yake kwenye mfuko wa karatasi ili apewe za kipimo kile kile. Mwalimu akayamwaga kaunta. Alichukua ufito mmoja, akausogeza karibu na macho, akachukua wa pili, kisha wa tatu. Hakucheka.

"Anayeanza huvunja kwa kukunja kwa nguvu," alisema. "Nimeona mivunjo hiyo maisha yangu yote. Hizi hazikuvunjika, mzee wangu. Hizi zimekatwa, na kisu kilikuwa kinarukaruka. Ona, meno meno kama ya msumeno. Mkono una nini?"

"Nimekuja kununua fito, mama. Sikuja kupigiwa ramli."

"Fito hizi hapa." Akazifunga, akamsogezea. "Lakini nikuambie, kwa kuwa siku ile ulinila bei na sina cha kukuogopea. Nilidhani unataka ile kubwa kwa majivuno. Sasa naona ulichagua ile ambayo ukishindwa hakuna atakayekuuliza kwa nini."

Fundi Meno akauokota ufito mmoja, akapitisha kidole kwenye ile mikato. Maishani mwake alikuwa amewakamata wauzaji wangapi kwa hila hiyo hiyo? Mwenye bidhaa yenye kasoro hukuwekea mbele kitu kikubwa chenye kelele, ili usiutazame mshono. Yeye ameifanya hila hiyo, yeye ndiye muuzaji, yeye ndiye mnunuzi, na ameuziwa kweli kweli. Wiki tatu alikuwa anashangilia kuliwa.

"Nipe ile mashua," alisema.

Mwalimu akataja bei. Fundi Meno akatoa.

"Leo huniombi hata kidogo?"

"Funga tu, mama."

Jumatatu alisafisha meza yote. Seti aliyokuwa akiitengeneza akaisogeza pembeni, bado iko kwenye nta. Akafungua dirisha ili mwanga uingie, harufu ya rangi ikaingia nao. Kisha akamvutia mkewe kiti na kumwambia kila kitu: hospitali, sharti, na jinsi alivyojidanganya. Mkewe alisikiliza hadi mwisho.

"Nilijua la mkono," alisema. "Hayo ya meli ndiyo sikuyajua. Nilifikiri umechanganyikiwa tu."

"Kaa hapa. Ukiona nadanganya, sema."

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri, na hilo lilikuwa baya. Mashua ya chini tambarare haina ugomvi. Gundi inashika, vibanio vinabana, na mtu ana kazi ya kungoja tu. Jioni chombo kilikuwa na umbo, pande mbili sawasawa, nacho kimetulia juu ya gazeti kama kilichotia nanga. Fundi Meno alikizunguka. Alianza kupiga hesabu za oda za mwezi ujao. Mkewe alimwona anazipiga akaenda kuandaa chakula, na usiku ule wote wawili walikula vizuri kuliko siku nyingi.

Siku ya pili ukabaki mlingoti. Kijitabu kilitaka uzi upitishwe kwenye shanga nne za mbao, kila moja ndogo kama mbegu ya mpapai, ili kamba ya tanga ikazwe. Hapo hakuna gundi wala kibanio cha kusaidia. Ni ncha ya uzi, tundu, na mkono.

Alishika ushanga kwa kibano. Akaleta uzi. Ncha ikapita kushoto ya tundu, ikapita kulia, ikagonga chuma. Akaulowesha uzi mate, akajaribu tena. Akapumzika. Akakaza kiwiko mezani, akashika kifundo cha mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, na sasa ikacheza mikono yote miwili. Ushanga ukaruka chini. Mkewe akauokota, akaurudisha, mara tatu, mara sita. Chini yao wateja wa rangi walikuwa wanabishana kuhusu kijani.

Mkono wa mkewe ukasogea. "Nikushikie?"

"Na kule kwenye kinywa cha mtu, utanishikia?"

Akaurudisha mkono wake mapajani.

Alijaribu hadi saa sita na nusu. Hakuna hata ushanga mmoja ulioingia. Akakiweka kibano chini, polepole, kama mtu anayemlaza mtoto akiogopa ataamka.

"Basi," alisema.

"Basi nini?"

"Ndiyo hiyo. Nimejua."

Mkewe alilia kidogo, akigeukia ukutani. Yeye hakulia. Alipiga simu kwa daktari, akamwambia asilete kazi tena na akamweleza sababu, na daktari akawa na maneno mengi mazuri ambayo Fundi Meno aliyasikiliza akitazama sakafu. Kisha akampigia fundi wa ng'ambo ya barabara, mshindani wake wa miaka tisa, mtu aliyemzidi kwa mashine lakini akazidiwa kwa jicho.

Mshindani alifika kesho yake na wachukuzi wawili. Alizunguka chumba akigusagusa, akitikisa kichwa mapema ili bei ishuke kabla haijatajwa.

"Vifaa vya zamani hivi, mzee. Na habari za mkono zimenifikia. Najua huna pa kwenda."

"Mkono unatetemeka. Bei haitetemeki."

Wachukuzi wakacheka, na mshindani akaona aibu, na aibu ikamgharimu. Walivutana asubuhi nzima. Fundi Meno aliuza tanuri, tupa, kalibu na visu, akauza pia orodha ya rangi za meno alizozichanganya mwenyewe. Ilikuwa biashara nzuri kuliko zote alizofanya mwaka ule. Hakuna aliyempongeza.

Meza ilipokuwa inataka kuinuliwa, mshindani akaona ile seti ya nta. "Na hii?"

"Ni ya mwalimu mmoja wa kike wa shule ya msingi. Ameshalipa nusu. Jino lake la mbele lilikuwa na mwanya kidogo tangu usichana, na mwanya wake anautaka. Ukiuziba atakurudishia."

"Mwanya kiasi gani? Nionyeshe."

Fundi Meno akatoa mkono mfukoni, akaupeleka kwenye nta. Ncha ya kidole ikaanza kucheza juu ya meno mawili, mara hili, mara lile. Wachukuzi wakatazama pembeni. Mkewe akajifanya anakunja kitambaa.

Akaushusha.

"Keti wewe," alimwambia mshindani. "Shika kibano. Nitakuambia."

Mshindani akakalia kiti. Fundi Meno akaenda kusimama upande wa pili wa meza, pale wanaposimama wateja, akaanza kumwelekeza kwa mdomo: kushoto kidogo, hapana, umezidisha, rudi.