Bipu ya Jumatano

Siku ya kwanza nilikabidhiwa simu moja ya mkononi, daftari na kiti kibovu. Mimi, muuguzi wa wodini miaka yote ile, nikaona nimeshushwa cheo. Kampuni za simu ndiyo kwanza zilikuwa zinafika Sumbawanga, wenye uwezo wakining'iniza simu shingoni, nami naambiwa kazi yangu ni kuongea. Kuongea tu!

Ofisi yetu ilihudumia wauguzaji, yaani ndugu wanaouguza wagonjwa nyumbani. Muuguzaji alikuwa anabipu: anapiga, simu ikiita mara moja anakata, kisha sisi tunampigia ili asimalize salio lake. Bipu ya kwanza niliijibu kwa mbwembwe. "Mgonjwa anaendeleaje?" Sista Msimamizi, mtawa mfupi, mkali kama pilipili, akanipokonya simu.

"Binti, mgonjwa ana daktari. Huyu ana nani? Muulize yeye kwanza."

Rahisi kusema. Watu hawakujua kujibu. Anjelina wa Mpui alikuwa anamuuguza mama yake aliyepooza. Miezi mitatu nilimuuliza, "Wewe mwenyewe je?" na miezi mitatu akanijibu, "Mama amekunywa uji." Siku moja nikachoka na Kiswahili chetu cha ofisini, nikahamia Kifipa, lugha yetu ya nyumbani. Nilisikia upepo wa kule mlimani alikopanda kutafuta mtandao.

"Nimechoka, dada," akasema. "Kuna siku natamani afe, halafu najichukia."

Akalia, nami nikasubiri bila kukata. Sikumpa dawa wala ushauri. Tangu hapo alibipu kila Jumatano, na aliniambia ameanza kupata usingizi.

Kisha Sista akahamishiwa Kaengesa, akaja Mratibu, kijana wa tai na mafaili. Mama yake Anjelina akafariki mwezi uleule.

"Funga faili," Mratibu akaniambia. "Hakuna mgonjwa, hakuna muuguzaji."

"Lakini bado anabipu, bosi."

"Atazoea."

Nikafunga. Jumatano mbili simu iliita mara moja ikakatika, nami nikaitazama tu, nikihofia kibarua kuota nyasi. Jumatano ya tatu haikuita. Katika miaka yangu yote ya kazi, hilo ndilo ninalolionea aibu, na sina wa kumsingizia.

Sasa nimestaafu. Watoto wako mbali, na Mzee wangu, baba yao, amepooza upande mmoja. Namgeuza, namlisha, nafua mashuka kwa maji baridi ya huku Ufipa mpaka vidole vinakufa ganzi. Wanaopiga huuliza, "Mzee anaendeleaje?" Najibu, wanashukuru, wanakata. Nyumba inarudi kimya. Jamani, upweke huu sikuwahi kuuandika vizuri kwenye lile daftari.

Jumatano iliyopita nilibonyeza namba ambayo sikuwahi kuisahau. Ikaita mara moja, nikakata. Mtu mzima na mvi zangu, nabipu!

Simu ikaita papo hapo.

"Nani mwenzangu?"

Nikamtajia jina langu. Nikajua anazikumbuka zile Jumatano mbili. Nikangoja akate.

"U hali gani, dada?" akauliza.

"Mzee amekunywa uji," nikajibu.

Anjelina akahamia Kifipa. "Sijamuuliza Mzee," akasema, kisha akasubiri.