Nilisema "Ndizo Zenyewe", Fundi Wangu Akafungwa

(Aliyetuletea barua hii ni msomaji wetu wa Temeke. Jina lake tunalo, hatulitoi.)

Mhariri, nifiche vizuri, maana mama yangu husomewa gazeti hili na jirani. Mie ni kijana wa miaka ishirini na moja, sina mke, na shule niliiachia darasa la nne baada ya kubishana na mwalimu, na aliyekosea ni mwalimu. Kazi yangu ni gereji, upande wa viti vya magari. Msicheke. Nyie mnadhani kiti ni godoro tu. Kiti cha gari kinakaa juu ya reli mbili, reli zinashikwa na bolti nne, na bolti hizo zikiwa si zake, dereva yuko mikononi mwa Mungu.

Mie bolti naijua nimefumba macho. Niwekee kiganjani nipapase, nitakwambia imetoka kiwandani pamoja na gari au mtu kaichonga huku huku kwetu kwa tupa. Ya kiwandani ina herufi mbili ndogo kichwani, na meno yake yamebanana kama ya panya. Sie gerejini bolti za namna hiyo tunaziita "zenyewe". Vijana walikuwa wanatoka mpaka Kinondoni kuja kunijaribu, wanarudi vichwa chini.

Aliyenifundisha ni Fundi Nassoro, mzee wa Lindi, mtu wa maneno machache.

"Punguza mdomo, kijana, ongeza kidole," alikuwa akiniambia.

"Fundi, mdomo nao ni spana," namjibu, naye anacheka mpaka miwani inamshuka.

Sasa, kulikuwa na Mzungu mmoja mwenye gari la mbio la zamani, la kabla ya vita, viti viwili, halina paa. Alilileta tushone upya ngozi ya viti. Fundi alipofungua kiti cha dereva akaguna.

"Njoo uone. Hizi si zenyewe. Mtu kazibadilisha zamani, na mbili zimelika meno."

Katika kopo lake la bolti Fundi alikuwa nazo nne zenyewe, alizozifungua kwenye mzoga wa gari la aina ile ile kule Tabata, kwa ruhusa ya mwenye mzoga. Lakini Fundi hakuwa mtu wa kugusa cha mtu bila kusema. Akazirudisha zile mbovu kwa muda, kiti kisimame, akanawa mikono. Ilikuwa Ijumaa.

"Naenda kuswali. Bwana akija, mwambie gari lisiondoke mpaka nizungumze naye. Umesikia?"

"Nimesikia, Fundi."

Bwana alikuja. Mie wakati huo nimefungwa kitambaa machoni, vijana sita wamenizunguka, napewa bolti moja moja na sijakosa hata moja. Nikasikia gari linawashwa. Nikajisemea, ngoja nimalize hii moja. Nilipofungua macho, lilikuwa limeshakwenda. Fundi aliporudi nikamwambia Bwana alikuwa na haraka, hakunisikiliza.

Jumapili, njia ya Kunduchi, kiti kikang'oka kwenye kona. Mguu ukaikosa breki, gari likavamia mti. Bwana alikatwa mguu wa kulia.

Askari kanzu wakaja, wakamchukua Fundi na kopo lake la bolti, na mie nikaitwa shahidi. Nilivaa shati la sikukuu. Mahakamani bolti zote zilikuwa juu ya meza, zilizotoka garini na zilizotoka koponi. Mkalimani akaniuliza, "Wewe ndiye unayejua bolti? Haya, zenyewe ni zipi?"

Nikajiona bingwa. Nilifumba macho mbele ya hakimu, watu wakacheka, nikapapasa, nikachomoa nne.

"Hizi ndizo zenyewe, bwana. Nikikosea nikateni kidole."

Mkalimani akasema Kizungu kirefu. Hakimu akaandika. Kisha mwendesha mashtaka akasimama: shahidi amezitambua bolti zilizoibwa kwenye gari la Bwana, zimekutwa katika kopo la mshtakiwa, naye akamfungia Bwana mbovu.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mie nimesema za kiwandani. Wao wamesikia zile zile za Bwana. Fundi alinitazama. Mle ndani sie wawili tu tulijua nimesema nini. Alinitazama muda mrefu, hakuwa na hasira, alikuwa ananingoja.

Sikufungua mdomo. Ningesema neno moja, swali la pili lingekuwa, gari lilitokaje gerejini? Mdomo wangu huu ambao haujawahi kufungwa na mwalimu wala mama, siku ile ulijifunga wenyewe. Fundi alieleza habari ya mzoga wa Tabata, lakini neno langu lilikuwa limeshaandikwa; alipewa miaka miwili na kazi ngumu. Nje askari kanzu akanipiga bega: "Hodari wewe!"

Leo nakalia kigoda cha Fundi, nashika spana zake. Mkewe, Mama Zuhura, ananiletea chakula cha mchana maana anasema mie ndiye mwanawe aliyebaki. Nakila. Alhamisi alitoka kumtazama mumewe gerezani, akaniambia mzee anatema damu. Akatoa karatasi na kalamu kwenye khanga.

"Niandikie barua kwa hakimu, mwanangu. Fundi kasema aandike yule kijana, yeye anajua neno la kuweka."

Anajua neno la kuweka. Tangu Alhamisi karatasi iko nyeupe. Nikiandika ukweli, nitafungwa mie, na mama huyu atajua amekuwa akimlisha nani. Nisipoandika, mzee atafia mle. Kila mchana ananiuliza, "Umeandika, baba?" nami namjibu natafuta Kiswahili kizuri cha kumfaa hakimu.

Wasomaji mlionizidi shule, nielekezeni: mstari wa kwanza nimwandikie hakimu, au nimwambie kwanza Mama Zuhura? Jibuni upesi. Alhamisi ijayo anakwenda tena kumtazama, na ameniomba tufuatane.