Ndovu Wawili wa Chaki

Nakumbuka alasiri moja kule Kitisuru, Nairobi, mwanangu, na kwa kuwa wiki ijayo unatundika michoro yako pale mjini, afadhali nikusimulie.

Nilikuwa kijana, nikiishi Woodley kwa shangazi yangu Mbithe aliyenilea. Kuchora nilijifundisha mwenyewe, kwa kupaka mabango ya mabucha kando ya Ngong Road. Hatimaye jumba moja la sanaa la huko Kitisuru likakubali kunifanyia maonyesho. Michoro yote ilikuwa ya nyika ya kwetu Kibwezi, chini ya milima ya Chyulu: mawe meusi, miiba, ukungu wa asubuhi. Mkubwa kuliko yote ulionyesha mteremko uliokuwa shamba la Shangazi, kabla ndovu hawajalimaliza msimu baada ya msimu, mpaka akafunga mizigo akaja Nairobi. Sasa lilikuwa vichaka vitupu.

Mchana ule mwenye jumba, mama mmoja mwepesi wa maneno aitwaye Nduta, alisimama mbele ya mchoro huo.

"Ni mzuri, lakini hauna kitu ndani. Jioni kuna mwenye hoteli anakuja, anatafuta michoro ya vyumba vyake vyote. Niwekee ndovu wawili tu hapa."

Nikaitikia kwa kichwa. Angalia hapo, mwanangu: hakuna aliyenishika mkono. Nilijua kazi ya hoteli ingenitoa kwenye mabango, na nilijua pia kwamba sitaki ndovu pale. Nikachukua chaki, nikawachora, mkubwa na mdogo. Nikaanza kuchanganya rangi ya kijivu, polepole mno, kana kwamba rangi yenyewe ingekataa kwa niaba yangu.

"Bado tu?" Nduta akauliza kutoka mlangoni. "Kwani ndovu wawili wanakushinda? Watu wanafika!"

"Nakaribia," nikasema, nikaendelea kukoroga kijivu.

Shangazi ndiye aliyetangulia kufika, na gauni lake la kanisani. Akaukaribia mchoro, akaona chaki.

"Hawa nao! Nimewakimbia Kibwezi, wamenifuata mpaka Kitisuru?"

Nduta akacheka. "Hawa hawali mahindi, mama. Hawa wanaleta pesa."

"Haya. Na nani amewaita?"

Nikamtazama Shangazi, nikitumaini atanisemea.

"Usiniangalie mimi," akasema. "Anayengoja jibu ni mwenye jumba."

Nje geti likafunguliwa, gari likaingia. Nikaokota kitambaa, nikafuta ndovu mmoja, kisha wa pili.

"Siwaweki," nikamwambia Nduta.

"Sasa ndiyo unaniambia? Na nimeshamwahidi mtu!"

Akauteremsha mchoro yeye mwenyewe, na ukuta wa mbele ukabaki na misumari tu. Mwenye hoteli akaingia, akautazama ukuta ule, akamaliza juisi yake, akaondoka. Mimi nikarudi kwenye mabucha, na huko nilikaa miaka.

Nilidhani Shangazi angenisifu. Tulipokuwa tukingoja teksi getini, akasema, "Yule mama ana haki ya kukasirika. Ungemkataa mchana, angepata nafasi ya kutundika kitu kingine, na pengine ungeuza. Mimi ndovu nimeshawazoea. Kilichoniudhi ni wewe kuitikia jambo usilolitaka, halafu ukaningoja mimi nikutoe."

Kwa hiyo, mwanangu, sikuambii usibadilishe kazi yako. Nimebadilisha nyingi tangu siku ile kwa kushauriwa na watu, na baadhi zikawa bora. Nakuambia hivi: kabla hujaingia pale mjini, ujue ni mchoro upi hauguswi. Ukiombwa kuugusa, kataa papo hapo, kwa adabu, huyo anayeomba akiwa bado ana muda wa kupanga mambo yake. Usimwachie mtu mwingine kazi ya kukusemea, hata kama anakupenda.

Mungu akupe mkono mtulivu na ulimi usiochelewa. Nenda ukatundike.