Dakika Saba za Magharibi

Mwishoni mwa miaka ya tisini madrasa yetu ya Mtongwe ilipewa kompyuta, sadaka ya mtu mwema, nami nikamshukuru Mola. Haukupita mwaka nikawa namshukuru huku nimeuma meno.

Ratiba ya Ramadhani nilikuwa nikiitayarisha mimi. Mpwa wangu, aliyesomea mashine hizo, ndiye aliyeipiga chapa. Mwaka wa kwanza walimu waliifungua faili wakaichezea, zikatoka ratiba mbili katika mtaa mmoja. Mwaka wa pili nikamwambia aifunge, mtu yeyote asiweze kuibadilisha, na neno la siri asimpe mtu. Nikamwapisha kabisa. Akafunga, akaenda zake Lamu harusini.

Siku tatu kabla ya mwezi kuandama nikaitoa karatasi, nikailinganisha na daftari langu. Magharibi ya kila siku imechelewa dakika saba.

Nikawaita walimu wote watatu. Wa kwanza alikiri kwamba, kabla faili haijafungwa, aliongeza dakika mbili za tahadhari, mtu asije akafuturu jua halijazama. Wa pili naye mbili, bila kujua ya mwenziwe. Wa tatu aliongeza tatu, na alilisema hilo kwa fahari. Na sunna ni kuharakisha futari. Mtaa mzima ungefunga mwezi mzima kupita kiasi, kwa karatasi yenye jina langu.

Nikakaa mbele ya kompyuta. Faili ikafunguka vizuri. Nikasahihisha siku ya kwanza, nikahifadhi. Ikaniambia sina ruhusa. Nikajaribu tena, na tena, kwa bismillahi na bila hasira, kisha kwa hasira. Huenda mjuzi angepata njia ya kuzunguka. Mimi nilijua kuwasha, kufungua na kutoa karatasi.

Nikaenda dukani kupiga simu Lamu.

"Abee, mjomba," akaitika mpwa wangu. Nikamweleza.

"Si ulisema mtu yeyote asiiguse?"

"Niliyesema ni mimi."

"Na wewe ni mtu, mjomba. Ruhusa yako ni ya kusoma tu. Neno la siri uliniapisha, sasa wataka nivunje kiapo?"

Mwenye duka alikuwa akisikiliza, akageuka kupanga sabuni ili nisimwone akicheka. Ningeweza kumwambia mtoto avunje kiapo, kisha alishe masikini kumi kukifidia. Lakini kafara ile ingekuwa ya ukaidi wangu mimi. Nikakata simu.

Nikakata kwa kalamu nyakati zote thelathini za Magharibi, nikaandika upya kwa mkono, nikapeleka kutoa nakala Likoni.

Jioni ya kwanza msikitini adhana ilitoka kwa wakati wake. Watu wakala tende. Yule mwalimu wa tatu alikaa na yake mkononi, macho kwenye saa, akingoja dakika zake. Nikamsogezea bakuli la uji, wengine wasije wakalimaliza kabla dakika zake hazijatimia, nikasimama kusali.