Maji Yasiyo na Jina

Shangazi yangu anaishi katika nyumba yenye usukani. Leo utamkuta nyuma ya kituo cha mafuta, kesho ukirudi utakuta alama za matairi tu. Ni basi kuukuu lililokuwa likibeba wanafunzi. Mumewe alilinunua alipostaafu kuendesha mabasi ya masafa marefu, akang'oa viti vyote isipokuwa viwili vya mbele. Palipokuwa na viti sasa pana kitanda, jiko la gesi, sinki dogo na cherehani. Cherehani ni ya shangazi. Popote wanapoegesha, watu humletea zipu zilizokata tamaa na suruali zilizogombana na matumbo ya wenyewe. Wawili hao huitana kwa kazi zao: yeye humwita mumewe Dereva, naye humwita mkewe Fundi, na wakiitana majina halisi ujue pana ugomvi.

Chini ya kitanda limelala tangi la maji. Wageni wakiingia husifia mapazia, husifia rafu za vyombo, lakini sijasikia mtu akilisifia tangi. Na ukiniuliza mimi, ndoa ile imekaa juu ya tangi hilo. Maji yakifungiwa gizani hayatulii. Huanza na utelezi kwenye kuta, ikafuata harufu, mwisho yakahamia tumboni mwako. Ndiyo maana kila wanapotaka kuanza safari ndefu, Dereva hufungua koki ya chini na kumwaga maji yote ya zamani. Huchanganya dawa ya klorini kwenye ndoo, akaimimina ndani, akajaza tangi hadi juu, kisha hufungua bomba la sinki na la kuogea mpaka dawa ifike kila mahali. Huiacha ilale. Asubuhi humwaga, akajaza maji safi, akamwaga tena. Mpira wa kujazia ni mweupe na una mfuko wake. Ukithubutu kuchukua ule wa kuoshea gari, shangazi atakuuliza kama nyumbani kwenu mnapiga mswaki kwa brashi ya viatu.

Kazi hiyo yote ina hakimu mmoja. Dereva pua yake ilishakula dizeli ikashiba, haitambui kitu tena, kwa hiyo kikombe cha kwanza ni cha shangazi. Hukinga kwenye kikombe cha bati, akanusa, akaonja, akanyamaza kidogo. Yakiwa mazuri husema, "Hayana jina." Yakiwa na jina, liwe klorini, plastiki au kutu, tangi linamwagwa upya, na Dereva habishi.

Sasa, mafua ya msimu wa baridi uliopita yalimwingia shangazi, na yalipoondoka hayakuondoka mikono mitupu. Yalichukua pua na ulimi. Kitunguu, sabuni, vumbi, vyote vikawa kitu kimoja kwake. Alingoja virejee, havikurejea. Hakumwambia mtu. Chumvi akaipima kwa vidole, maziwa akayachunguza kwa macho, na kikombe cha kwanza kilipokuja alikunywa, akanyamaza muda uleule wa zamani, akasema hayana jina.

Mnaweza kumlaumu. Lakini sikilizeni alichokuwa anakingoja. Binti yao wa pekee ni msusi, ana mtoto mmoja wa kike, na mtoto yule amekuwa akimlilia bibi yake amchukue likizo ndani ya basi. Mama yake alikuwa anakataa, na alikuwa na sababu: mwaka uliotangulia mtoto alikunywa maji mabaya mahali, akalazwa, akakonda akabaki macho tu. Hatimaye mama mtu akalegea. "Mama, nitakuja kwanza niangalie maji yenu," alisema kwenye simu. "Nikiridhika, nampakia nguo." Shangazi akakata kitambaa cha shuka dogo siku hiyohiyo.

Basi likaegeshwa kwenye kituo cha mafuta karibu na mji wa binti. Dereva akafanya ibada yake ya tangi. Asubuhi ya ugeni, bomba la kituo lilikuwa linatoa maji kwa kujivuta, Dereva akasuuza tangi mara moja tu, akamletea mkewe kikombe.

"Fundi, toa hukumu."

Shangazi akanusa. Akaonja.

"Hayana jina."

"Afadhali. Lile bomba la pale ningelisubiri hadi ndevu zirudi nyeusi."

Akarudisha mpira kwenye mfuko wake. Shangazi akaketi kwenye cherehani, akashona pindo la shuka, akafumua, akashona tena.

Binti akafika na harufu ya mafuta ya nywele, akawaamkia, akavua viatu mlangoni. Hakuomba chai. Alikwenda moja kwa moja kwenye sinki, akachukua kikombe cha bati, akafungua bomba. Alipokipandisha mdomoni, shangazi aliinuka akakishika kile kikombe pamoja na mkono uliokibeba.

"Usinywe, mwanangu."

"Kuna nini?"

"Sijui kuna nini. Hilo ndilo tatizo. Sijui." Akaketi kitandani. "Tangu yale mafua sisikii harufu wala ladha. Baba yako nimemdanganya. Wewe nilitaka kukudanganya, nimeshindwa. Mtoto asije. Mwache tu nyumbani."

Binti akakisogeza kikombe puani, akakirudisha haraka.

"Klorini tupu," alisema polepole.

Wote wakamtazama Dereva. Yeye alikuwa amesimama mlangoni, anakuna kidevu.

"Kumbe ile chai," akasema.

"Chai gani?"

"Ya mwezi uliopita. Uliniwekea chumvi badala ya sukari. Kijiko cha kwanza, cha pili, kikombe kizima."

"Ukanywa?"

"Nikamaliza. Nilidhani nimekukosea, ndiyo adhabu. Wiki nzima nikawa natafuta kosa langu. Nikakurekebishia hadi taa ya cherehani."

Shangazi alitaka kulia, kikatoka kicheko, kisha vikatoka vyote viwili. Binti akaweka kikombe chini, akaketi karibu na mama yake, akamfuta uso kwa kile kishuka kidogo.

"Ungeniambia, Mama."

"Ningekuambia ungemleta?"

Binti akainuka. Alikunja mikono ya gauni lake. "Baba, fungua koki. Tunaanza upya."

Maji yalipoisha, waliinua godoro. Juu ya tangi kuna mdomo wa duara wenye kifuniko cha kuzungusha, mpana wa kupitisha mkono mmoja. Binti akatumbukiza wake, akapapasa. "Huku ni safi."

"Nipishe," shangazi akasema.

Aliingiza mkono hadi begani, akafumba macho kama anavyofanya anapopima kitambaa cha mteja, akipitisha vidole taratibu kutafuta uzi uliokosea. Vikaenda, vikarudi, vikasimama kwenye kona ya nyuma, chini ya bomba la kuingizia.

"Hapa. Pana utelezi, mwembamba kama hariri. Dawa imepita juu yake."

Binti akarudisha mkono palepale, akahangaika, akatingisha kichwa. "Mama, mimi sihisi kitu."

"Wewe umezoea nywele."

Dereva akafunga kitambaa kipya kwenye mti wa fagio, shangazi akamwelekeza, kushoto, teremka, hapohapo, hadi kitambaa kikatoka na uchafu wa kijivu. Wakaweka dawa, wakaiacha ilale. Binti naye akalala humo, katikati ya wazazi wake, akilalamika kuhusu viwiko. Asubuhi wakasuuza, wakasuuza tena, bomba la kituo likijivuta vilevile na safari hii hakuna aliyelitania.

Shangazi akaingiza mkono, akapapasa kona zote. "Mimi nimemaliza. Sasa ulimi."

Binti akaonja. "Yana jina kidogo."

Dereva akafungua koki. Wakajaza tena. Binti akaonja, akanyamaza muda uleule wa mama yake, maana amekua akiutazama.

"Hayana jina."

Akampa mama yake kikombe. Shangazi akanywa taratibu. "Ladha sina," alisema, "ila ubaridi naupata vizuri. Unashuka hadi kifuani."

"Mama, popote mtakapoegesha, kabla mtoto hajanywa, vidole vyako kwanza. Halafu mwite jirani yeyote aonje. Mtu mwenye pua, si Baba."

"Nitamwita," shangazi akasema. "Sitaona haya."

Binti akatoa simu, akampigia mumewe. "Mpakie nguo," alisema. "Na kikombe chake usisahau." Akafunika simu kwa kiganja, akamgeukia baba yake aliyekuwa anawasha jiko. "Baba, unafanya nini?"

"Chai," Dereva akasema. "Kuanzia leo sukari naweka mwenyewe."