Bakuli la Upepo

Kwa Juvenali wa Murusagamba hakuna mgeni aliyewahi kuondoka na njaa, na Juvenali mwenyewe hakuacha watu wasahau jambo hilo. Ndiyo maana mbwa Upepo alimtia aibu tangu siku ya kwanza. Alikuwa mbwa wa mbio, miguu mirefu, mbavu nje, aliyeachwa kwake na mhandisi wa kigeni aliyekuja kujenga barabara. Majirani walimtazama mbwa, kisha wakamtazama Juvenali.

Kwa hiyo Upepo aliponenepa, Juvenali alitembea kifua mbele. Mbwa alilala kutwa, kuku wakampanda mgongoni, na Juvenali akasema hiyo ndiyo shibe. Mapaja yalipobaki upara na mkia kama wa panya, ndipo alipompakia kwenye bodaboda hadi Ngara mjini, kwa Priscila, daktari wa mifugo. Damu ikapelekwa Mwanza. Jibu likarudi kwamba tezi ya shingoni imezembea kazi. Akapewa vidonge vya kila siku.

Msimu wa maharage ukapita, Upepo bado gogo. Priscila akataka kujua vidonge hutolewaje. Juvenali akaeleza kwa fahari: ndani ya maziwa na ugali, kwani nyumbani kwake hata mbwa hamezi dawa tumbo tupu.

“Baba, hicho chakula ndicho kinachoizuia dawa,” alisema Priscila. “Kidonge kwanza. Bakuli lifuate baada ya saa nzima.”

“Saa nzima mbwa wangu akae na njaa? Wapita njia watasema nini?”

“Ukimlisha mapema, hatakimbia tena.”

Hilo lilimwingia. Tangu hapo, kila asubuhi Juvenali alimmezesha Upepo kidonge, kisha akasimama uani na bakuli mkononi, ameliinamisha kidogo ili waendao shambani waone limejaa.

“Shemeji,” jirani yake Niragira alimwambia, jembe begani, “siku hizi mbwa analishwa kwa macho?”

Juvenali akajibu kwamba dawa inatangulia, chakula kipo, aje ahakikishe.

Jumapili moja, amevaa suruali ya kanisani, alikuwa bado ameinamisha bakuli wakati Upepo alipoinuka, akazunguka migomba kama mshale na kumrukia kifuani. Maziwa yote yakaishia kwenye suruali.

Juvenali hakubadilisha. Alikwenda misani hivyo hivyo, akakaa benchi la mbele, na kila aliyemtazama alijulishwa kwamba hayo ni maziwa, tena hayakutiwa maji, na kwamba kwake mbwa hupewa mpaka yanamwagika.