Kitufe Kilicholala

Mimi ni mwanamke wa Kingoni kutoka Songea, na aliyenifundisha kupiga kodiani alikuwa Myao wa Masasi aliyehamia Mtwara ujanani kufanya kazi ya winchi bandarini. Anayejua utani wa Wangoni na Wayao ataelewa kwamba sikufundishwa kwa adabu hata siku moja. "Mikono ya mkuki hiyo," alikuwa akinisema mbele za watu, "kodiani inaiogopa." Nami namjibu kwamba babu zangu ndio waliowakimbiza babu zake hadi pwani, vinginevyo kazi ya bandari angeisikia redioni tu. Tukishamaliza kutukanana, somo linaanza.

Nilihamishiwa Mtwara kufundisha shule ya msingi, sina ndugu wala rafiki. Jumamosi moja nilikwenda Mtawanya kutafuta mihogo mibichi, nikasikia kinanda nyuma ya nyumba ya udongo yenye bati jipya. Nilichungulia. Mzee mfupi, kofia imemkaa upande, alikuwa amekumbatia kodiani nyekundu iliyochubuka rangi, anavuta na kusukuma mivukuto yake amefumba macho. Mbele yake walikaa watu sita kwenye mkeka na makreti ya soda. Aliponiona aliuliza kabila langu kabla ya jina. Nilipomtajia, alipiga kofi gotini akasema, "Leteni kiti, mateka wangu amejileta mwenyewe." Mihogo sikununua siku ile.

Tulikuwa kikundi kidogo na cha ajabu: dereva wa bajaji aliyerithi kodiani ya mjomba wake, muuguzi, mkulima wa korosho aliyekuja kwa baiskeli, wafanyakazi wa kiwanda cha saruji, na mimi wa kwaya ya kanisani. Kodiani zilikuwa tatu kwa watu saba, hivyo tulipokezana. Mkewe yule mzee alitukaangia samaki jikoni, na harufu ilituvurugia mapigo kuliko kitu kingine chochote.

Sasa nieleze habari ya kitufe. Kodiani ya mzee ilikuwa na kitufe kimoja kisicholia, cha katikati kabisa, tena kinachohitajika karibu katika kila wimbo. Chumvi ya pwani ilishakila kijibati cha ndani kinachotoa sauti. "Huyo kalala," alikuwa akisema, "msimwamshe." Kila wimbo ulipofika pale, mzee aliiziba nafasi kwa mdomo: "Ehe!" Aliiimba kwa sauti ileile ambayo kitufe kingeitoa, akainua na kidevu, kisha vidole vikaendelea na safari.

Sisi tulimeza kila kitu kama kilivyo. Tulijifunza kuruka kitufe kile na kusema ehe, hata tulipokamata kodiani nzima za wengine. Siku moja dereva wa bajaji alikibonyeza kwa bahati mbaya kwenye kodiani yake, kikalia vizuri tu. Wote tulikunja nyuso. Muuguzi alimwambia amekosea. Mzee alicheka mpaka akavua kofia, lakini hakutusahihisha. Kanisani nilikuwa nikipiga wimbo wa sadaka na kusema ehe katikati ya sifa za Bwana, hadi padri akaniuliza kwa upole kama nina kifua. Nilimjibu kwamba wimbo ndivyo ulivyo. Niliamini hivyo kwa moyo wote.

Mzee alifariki asubuhi moja baada ya kunywa uji, bila kuugua. Niliumia kuliko nilivyotegemea. Katika mji ule nilikuwa na wenzangu wa kazini na wa kanisani, lakini mtu wa kunitania sikuwa na mwingine, na mtu asiyetaniwa hukauka.

Siku ya arobaini, khitma ilisomwa, pilau ikaliwa, shekhe akaaga. Hapo wazee wakanigeukia, maana mtani ana kazi yake msibani na asiyeifanya huonekana hana huruma. Niliomba kofia ya marehemu nikaivaa upande. Nikaletewa kodiani nyekundu. Sikuifungua kamba yake, kwa kuwa mjane alikuwa ndani, bado yuko eda, na muziki haukufaa. Niliikumbatia hivyohivyo ikiwa kimya, nikafumba macho, nikaanza kuimba kwa mdomo ule wimbo wake aliokuwa akifungulia kila Jumamosi. Nilimwigiza anavyovuta, anavyokuna goti, anavyotusema Wangoni. Nilipofika pale nikainua kidevu: "Ehe!"

Uani kote watu waliitikia, "Ehe!" Wengine walicheka, dereva wa bajaji akalia waziwazi, makamasi na yote. Na kutoka chumbani tulisikia kicheko cha mwanamke.

Mjane aliniita ndani. Alikuwa amekaa kitandani na nguo zake nyeupe. "Mpwa wa marehemu wa kule Masasi anaitaka kodiani," alisema. "Mimi nakupa wewe, mtani. Lakini eda ikiisha, Jumamosi ya kwanza nataka nisikie sauti hapa uani. Nisiposikia, naipeleka Masasi."

"Mama, mimi si kiongozi. Mimi ni mtani tu."

"Na yeye alikuwa nani? Alikuwa mtu wa winchi."

Nilidhani kazi itakuwa nyepesi, kumbe msiba ndio uliokuwa umetushikanisha. Nilipata ruhusa ya kutumia darasa langu Jumamosi. Wiki ya kwanza tulikuwa saba, ya pili watano, ya nne watatu. Hakuna aliyegombana na mtu. Kila mmoja alikuwa na udhuru: zamu, shamba, abiria. Bila harufu ya samaki na matusi ya mzee, tulikuwa watu wazima waliobanana kwenye madawati ya watoto. Nikaanza kuiona kodiani ikipakiwa kwenye basi la Masasi.

Nilikuwa nikimtembelea mjane kila wiki. Siku moja, huku akichambua mchele, aliniambia bila kuninyanyulia macho, "Ule wimbo wake mnaukata."

"Ndivyo alivyotufundisha, mama."

"Aliponipigia mimi, kabla hajaleta posa, haukuwa na ehe. Palikuwa na sauti pale, nzuri sana. Kitufe kilikuja kulala baadaye, tukiwa na watoto." Alipuliza makapi. "Watu wote mnaujua wimbo wangu, na hakuna aliyewahi kuusikia."

Nilirudi nyumbani kwa miguu ingawa bajaji zilikuwa tele. Jumamosi iliyofuata nikawaambia wenzangu kwamba nitaipeleka kodiani kwa fundi, na tutajifunza wimbo mzima. Dereva wa bajaji alisimama. "Dada Mwalimu, ukikiamsha hicho kitufe, unamzika mara ya pili," alisema. Akabeba kodiani yake akaondoka. Sikumfuata. Nilikasirika, tena nilimwogopa kidogo, kwa kuwa sikuwa na hakika kwamba anakosea.

Fundi cherehani wa sokoni, ambaye hajawahi kufungua kodiani maishani mwake, aliifungua yangu kwa bisibisi ndogo na bismillah. Kumbe kijibati hakikuvunjika. Kilikuwa kimeshikwa na kutu na vumbi, kimekwama tu miaka yote. Alikisafisha taratibu, akakigusa kwa kucha, kikalia. Tuliangaliana kama watu waliofufua kuku.

Nikawafuata wenzangu mmojammoja. Niliacha kuwabembeleza, nikaanza kuwatania. Muuguzi nilimwambia sindano zake zina mdundo kuliko vidole vyake. Mkulima nilimwambia korosho zake zinahudhuria mazoezi kuliko yeye. Sikuwa na utani nao wa kabila, ila walikubali, na Jumamosi iliyofuata wakarudi wote isipokuwa dereva. Nilikataza ehe. Kila aliyeiropoka aliinuka akasugua ubao. Ubao wangu haukuwahi kuwa safi vile.

Eda ikaisha. Jumamosi ile tuliingia uani kwa mzee, tukakuta mkeka umeshatandikwa. Mjane alikuwa jikoni, samaki wako kwenye mafuta. Tulikuwa tunajipanga niliposikia bajaji ikizimwa nje. Dereva aliingia na kodiani yake mgongoni, akakaa kwenye kreti lake la zamani bila salamu. Nikamwambia, "Umechelewa, mateka wangu." Alitabasamu, akafungua kamba.

Tulianza wimbo. Nilivuta mivukuto kwa mikono yangu ya mkuki. Tulipokaribia pale, niliwaona wote wamebana midomo, dereva naye. Nikabonyeza. Kitufe kikalia, sauti nene na safi, mahali ambapo kwa muda wote ule tulipafahamu kama shimo. Niliipenda palepale.

Na kutoka jikoni, juu ya mlio wa mafuta, mjane akasema, "Ehe!"

Tukaacha kupiga. Alitokea mlangoni na mwiko mkononi, ameziba mdomo kwa upande wa khanga, macho yamejaa machozi na anacheka.

"Rudieni," alisema. "Safari hii nitanyamaza."

Tukarudia. Hakunyamaza.